Gobori Lililotoka Sokoni

Juu ya bamba la mtambo wa magobori mengi ya kale yaliyosalia huku bara, mahali ambapo kidole gumba cha mwindaji kilipita mara elfu hata chuma kikalainika kama jiwe la mtoni, mtu akilielekeza gobori kwenye mwanga huweza kuona taji dogo lililochorwa, na kando yake herufi tano za Kizungu: TOWER. Neno hilo ni jina la ngome kongwe ya London, ambamo serikali ya Uingereza ilikuwa ikikagua silaha za majeshi yake na kuzipiga muhuri wa kuzikubali. Walakini bunduki zilizobeba jina hilo hazikupita zote katika ngome hiyo, kwa kuwa mafundi wa Birmingham, na wale wa Liège katika nchi ya Ubelgiji, walikwisha kutambua kwamba wanunuzi wa Afrika huiamini chapa ile, wakawa wanaipiga hata juu ya bunduki ambazo hazikupata kuonwa na mkaguzi yeyote. Wawindaji wa Kimakua, wa Kingindo na wa Kinyamwezi waliozitumia aghalabu hawakulisoma neno lenyewe. Walilijua kwa vidole, kama mtu anavyolijua kovu la mkononi mwake.

Nimeanza kwa chapa hiyo kwa sababu habari ninayokusudia kuieleza ni ya kitu kilichozaliwa biasharani, kikatiwa bei Ulaya, kikavuka bahari pamoja na majora ya nguo na shanga na mizingo ya waya wa shaba, kikauzwa Unguja, kikauzwa tena Kilwa au Bagamoyo, kikauzwa mara ya tatu Tabora, na baada ya kupita katika mikono yote hiyo kikamfikia mtu mmoja ambaye alikitoa sokoni, na wazao wake hata leo hawajakirudisha. Tarehe ya silaha katika nchi zetu imeandikwa zaidi na wale waliozileta na wale waliozinyang'anya. Wale waliozitunza hawakuandika kitu, ila waliacha vyuma vyenyewe, na vyuma hivyo vina mengi ya kumsimulia mtu mwenye saburi ya kuvitazama.

Bunduki iliyozoeleka pwani katika zama za Sayyid Said bin Sultan ilikuwa ile ya mrao, ambayo Waarabu wa Oman huiita abu fatila, yaani yenye utambi: kasiba yake ndefu na nyembamba, mara nyingi imefungwa kwa pete za fedha, na mwenye nayo huupuliza utambi hata uwe mwekundu kabla ya kuuinamisha juu ya baruti. Mabulushi waliokuwa askari wa Sayyid waliichukua hata katika safari za bara. Kwa Mwarabu bunduki hiyo ilikuwa pambo la mwanamume sawa na jambia, na fedha iliyopigwa juu yake pengine ilizidi thamani ya chuma chenyewe. Bali kwa mwindaji wa nyika haikufaa sana, kwani ndovu hangoji utambi ushike, na harufu ya utambi unaowaka humfikia kabla mtu hajamfikia. Baadaye ikaja bunduki ya gumegume, na baada yake ya fataki, na hizi mbili, ambazo zote hushindiliwa kwa mdomo, ndizo watu walizoziita magobori, na wengine wakaziita korofindo.

Kilichozifanya zimiminike kwa wingi kilitokea mbali sana na kwetu. Katika mwaka 1866 jeshi la Prussia lililishinda jeshi la Austria kwa bunduki zinazotiwa kiasi kwa nyuma, na dola za Ulaya zikafahamu kwa hofu kwamba silaha zao zote za kushindilia zimekuwa takataka katika msimu mmoja. Mwaka huo huo Uingereza ilichukua bunduki ya Snider na Ufaransa ikachukua Chassepot, na ilipofika 1871 Waingereza wakaichukua Martini-Henry. Na zile za kale zilizokuwa zimejaa maghala, ambazo hapana askari wa Kizungu aliyetaka tena kuzishika, zikauzwa kwa fungu kwa wafanya biashara, nao wakazitafutia watu wa kuzinunua. Bandari ya Unguja ikawa mlango wao. Katika mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zipatazo 80,000 hata 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zilizovuta bunduki hizo ni pembe. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, palikuwa na mji ulioitwa Ivoryton kwa sababu ya pembe zilizochongwa humo, na hizo, nyingi zikitoka Unguja, ziligeuzwa vibao vya piano na vitana. Na ili frasila moja ya pembe ifike katika viwanda hivyo, ilimpasa mtu fulani katika misitu ya Rufiji au Ruvuma amkaribie ndovu kwa hatua zisizozidi ishirini akiwa na gobori la kiasi kimoja.

Hatua ishirini si neno la mapambo. Gobori halina mifuo ndani ya kasiba, kwa hiyo risasi yake hutoka ikiyumba, na mtu aliyejaribu kupiga ndovu kwa mbali alimjeruhi tu na kumkasirisha. Fundi, na hilo ndilo jina walilopewa wawindaji mahodari katika lugha ya misafara, nalo lilitumika kwa haki kabisa, alimwendea mnyama akiupima upepo kwa majivu yaliyofungwa katika kitambaa, akijua kwamba akikosa hatapata nafasi ya kumimina baruti tena, kutia kitambaa, kusukuma risasi kwa mdeki, kuweka fataki na kuinua mtambo. Wengi walizidisha baruti ili chuma kipenye mfupa, na waliozidisha mno walipasukiwa na kasiba mikononi. Akianguka ndovu, kazi ya kwanza ilikuwa kukata mkia wake, kwani mkia ndio ushahidi wa nani ameua. Na kisha likaja lile sharti la pembe mbili, kwamba pembe iliyolala upande wa ardhi ni ya mwenye nchi, na ile ya juu ni ya mwenye bunduki.

Hapa imetupasa tuangalie kwa makini neno hilo, mwenye bunduki, kwa maana mwanzoni hakuwa mwindaji. Tajiri wa pwani, awe Mwarabu, Mhindi au Mswahili, ndiye aliyemkabidhi fundi gobori, baruti na risasi, na fundi alipoleta pembe waligawana kwa kadiri ya mapatano, na deni la baruti likakatwa katika fungu la aliyehatarisha roho yake. Wamakua, ambao sifa yao katika uwindaji wa ndovu ilienea toka Ruvuma hata Unyamwezi, wengi wao walianza hivyo, wakishika chuma cha mwenzao. Kwa hiyo fundi aliyejaliwa kukomboa gobori lake, akatoa pembe akaambiwa sasa hili ni lako, hakuwa amenunua chombo tu. Alikuwa amenunua ile pembe ya juu ya kila ndovu atakayemwangusha maisha yake yote. Mimi naona kwamba mapenzi yote yaliyofuata yalianzia katika siku hiyo, na mtu asiyeijua siku hiyo hawezi kufahamu kwa nini mjukuu hukataa fedha nyingi kwa ajili ya bomba la chuma lililoota kutu.

Kisha gobori liliingizwa katika nyumba kama anavyoingizwa mtu. Katika Unyamwezi wawindaji wa ndovu walikuwa na chama chao, Wayege, chenye kufundwa na dawa na siri zake, na bunduki ya mwanachama ilichanjiwa dawa kama mwenyewe alivyochanjiwa. Katika makabila mengi ilisadikiwa kwamba mke wa mwindaji, mumewe akiwa porini, akivunja ndoa yao basi ndovu hupewa nguvu juu ya yule mtu, na kwa hiyo aliyebaki nyumbani alikuwa na sehemu yake katika kila mlio wa gobori, akashika miiko, akangoja. Msomaji wa leo aweza kuyaita mambo haya ushirikina, nami sitamgombeza. Lakini atambue kwamba silaha iliyozungukwa na dawa ya mume na uaminifu wa mke haiwezi kuchukuliwa mnadani, kwa kuwa mnunuzi atapata chuma na mti, na hayo mengine yatabaki bila mahali pa kukaa.

Wala sitaficha upande mwingine. Gobori lile lile lililoua ndovu lilikamata watu. Misafara iliyoshuka Kilwa ilichukua pembe begani mwa binadamu waliofungwa kongwa, na vijiji vilivyokuwa na mikuki tu viliwaka moto mbele ya mtu mwenye fataki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wote humjua kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, na waliompa jina hilo hawakumpa kwa furaha. Zipo nyumba ambamo gobori huning'inia ukutani na hapana anayejua babu alilitumia kwa ndovu au kwa jirani. Nadhani wenye nyumba hizo hufanya vema kulihifadhi vilevile, kwani kitu kama hicho kikiuzwa habari yake hupotea, na habari hiyo ni haki ya wale waliofungwa kongwa pia.

Dola za Ulaya zilipokwisha kujaza nchi silaha zikaogopa. Mwishoni mwa 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza ziliziba pwani wakati Abushiri bin Salim alipokuwa akipigana na Wajerumani, na katika Julai 1890 yakatiwa sahihi huko Brussels mapatano yaliyokataza kuingiza bunduki za kisasa katika nchi zote zilizo kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini. Yakaacha mlango mmoja mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Hivyo sheria yenyewe iliamua kwamba Mwafrika atabaki na gobori wakati Mzungu anakwenda mbele na bunduki ya kasi. Na kile ambacho katika Ulaya kilikuwa kimekufa tangu 1866 kikaongezewa umri huku kwetu kwa amri. Wengine hawakuafiki hata kubakiziwa hicho. Mtemi Isike wa Unyanyembe, Wajerumani walipoivunja boma yake ya Tabora katika Januari 1893, aliiwasha ghala yake ya baruti naye akiwa ndani.

Baadaye ikaja Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani. Watu wa Umatumbi, Ungindo, Umwera, Ungoni na kwingineko, walioingia vitani tangu Julai 1905, walikwenda mbele ya bombomu wakiwa na mikuki, mishale na magobori, wakiamini kwamba maji ya mganga Kinjikitile yatazigeuza risasi za adui. Na waliponyenyekezwa kwa njaa iliyopandwa makusudi, moja katika masharti ya amani lilikuwa kuleta bunduki. Katika maandishi ya vita jambo hili hupewa mstari mmoja, nami nataka tusimame hapa kidogo. Kijiji cha kusini kilichotoa magobori yake hakikutoa silaha za vita peke yake, kilitoa pia walinzi wa shamba. Tokea 1896, katika utawala wa Gavana Hermann von Wissmann, sheria ya Wajerumani ilikuwa imekwisha weka leseni juu ya uwindaji na kutenga mahali pa kuhifadhi wanyama. Sasa, bunduki zikiisha kuondolewa na watu wakiisha kupungua, nguruwe mwitu wakaingia katika mihogo na ndovu katika mtama, na mkulima aliyekuwa akilala kibandani na gobori lake akabaki na debe la kupiga na mwenge wa nyasi. Msitu ukasogea. Aliyekuwa amelificha gobori lake ndani ya pango au chini ya sakafu ya ghala, akalifukua baada ya miaka miwili likiwa limeoza mti lakini kasiba ni nzima, alikuwa amefukua mavuno.

Mwingereza naye, alipokwisha kuitwaa nchi kutoka kwa Mjerumani, alikuja na sheria yake ya wanyama katika 1921, na mwaka uliofuata pori kubwa la kusini likapewa jina la mwindaji wa Kiingereza, Frederick Courteney Selous, aliyeuawa kwa risasi ya Mjerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akazikwa pale pale. Mtu huyu nimemfikiria mara nyingi. Yeye, alipokuwa kijana katika nchi ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, tangu 1872, aliwinda ndovu kwa bunduki mbili za kushindilia zilizotengenezwa Birmingham, kazi duni na ya bei nafuu, kila risasi robo ratili, baruti akiichota kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi. Na katika misimu mitatu akaua kwazo ndovu 78, huku zikimpiga bega hata akaja kusema kwamba afadhali asingezitumia kamwe. Yaani aliwinda kama fundi wa Kimakua, kwa chombo cha namna ile ile kutoka mji ule ule. Pori lililopewa jina lake ndilo ambalo wenye magobori wa Liwale na Rufiji walikatazwa kuingia, na katika miaka ya 1940 Wangindo wengi wakahamishwa kutoka sehemu zake kwa sababu ya malale. Sisemi haya kwa chuki juu ya marehemu, aliyekuwa hodari na mwandishi mwaminifu. Nasema kwa kuwa vitabu vya uwindaji huzisifu bunduki za mabwana, na gobori la fundi halikupata kitabu.

Tena lilistahili, kwa kuwa kila gobori lililopita miaka mia lilikuwa limekwisha kuwa kazi ya mikono ya hapa hapa. Mti wake wa Kizungu ulipopasuka, mhunzi alichonga tako jipya la mninga. Pale mti unaposhikana na kasiba palivishwa ngozi mbichi ya mnyama, ikashonwa ikiwa na maji, na ilipokauka ikabana kuliko pete ya chuma. Chemchemi ya mtambo ilivunjika ikafuliwa nyingine. Fataki zilipoadimika walitumia vichwa vya viberiti, na risasi zilipoadimika walitia vipande vya nondo na misumari. Mwisho wake, katika gobori lile lililotoka Liège, huenda ikawa kilichobaki cha Ulaya ni kasiba na taji lile dogo, na vingine vyote ni vya Masasi. Mtu aliyelitengeneza alikuwa akijulikana kwa jina, na aliyelichongea tako alikuwa shemeji wa fulani; kulitia bei ni kulipa mafundi wote hao ambao walikwisha kufa.

Urithi wake nao ulipangwa kwa namna ya kuliepusha na soko. Kwa Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao hufuata kwa mama, gobori la mjomba huenda kwa mpwa, na mpwa hulipokea pamoja na jina, na madeni, na wajane wa kuangaliwa. Katika nyumba za Kiislamu, ambako sheria ya mirathi hutaka kila mwenye haki apate fungu lake hata la sumni, bunduki haikatwi vipande. Basi hutiwa thamani mbele ya mashahidi, na mmoja wa warithi huichukua ikahesabiwa katika fungu lake, hata kama kwa kufanya hivyo atakosa mnazi au mbuzi. Nimesikia kwamba wako waliochagua hivyo bila kusita. Ni serikali za baadaye, za kikoloni na zetu pia, zilizoleta taabu mpya, kwa kuwa kibali ni cha mtu na hakirithiwi, na mtu akifa silaha yake hupelekwa kituoni mpaka mrithi apate kibali chake. Na sababu zake zinaeleweka, maana wawindaji haramu wa pembe nao wametumia magobori, na msako wa Operesheni Tokomeza wa mwaka 2013 uliyakusanya ya wema na ya waovu pamoja. Laiti pangekuwapo daftari lililoandika, juu ya kila gobori lililokabidhiwa, lilitoka kwa nani.

Katika nyumba moja upande wa Masasi nililiona gobori la fataki, tako la mninga, ngozi shingoni, ambalo mwenye nalo, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini, alikuwa akilimiliki kwa kibali halali na hakupata kulipiga tangu ujana wake. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa amemjia kutoka mjini, akaketi mkekani, akataja fedha, akaziongeza, akaziongeza tena. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza, "Mwanangu, umekuja kuniuliza bei ya mjomba wangu?" Yule kijana akanywa uji wake, akaaga kwa adabu.

Jioni ile mzee alimwita mpwa wake, akalishusha gobori toka darini, wakaketi barazani. Akalipaka mafuta ya nyonyo, kasiba kwanza, kisha mtambo, kisha mti, polepole, akitumia kitambaa kilichokuwa cheusi kwa miaka mingi. Alipomaliza akauchomoa mdeki akautumbukiza katika mdomo wa kasiba, jambo ambalo mwindaji hulifanya kila aishikapo bunduki, ili ajue kama ina kitu ndani; mdeki ukikomea njiani, basi imeshindiliwa. Ukateremka mpaka chini kabisa, ukagonga chuma, ukalia kama kengele ndogo. "Umesikia, mwana wa dada?" akasema. Mpwa akajibu, "Nimesikia, Mjomba." Mzee akauinua mdeki, akampa, akamwambia augonge yeye mwenyewe.